Sabuni ya Siku Saba

Ijumaa ile Rajabu alirudi kutoka msikitini kifua mbele, kanzu inapepea kama bendera siku ya upepo, na kabla hajavua katambuga zake mlangoni akatangaza:

"Mama Aiman, Jumamosi ya wiki ijayo tuna wageni. Akina mama arobaini."

Salha, mkewe, alikuwa uani anapepeta mtama. Ungo ukasimama hewani.

"Arobaini? Wanakuja kufanya nini?"

"Kujifunza kupika sabuni! Yule bibi wa maendeleo ya jamii, Evodia, si nilimpa kipande siku ile? Amekoga nacho. Anasema tangu atoke kwao Bukoba hajaona sabuni ya kienyeji ngumu namna ile. Basi analeta kikundi kizima cha hapa Ihumwa. Nitapika mbele yao, tangu majivu mpaka povu."

Ungo ukainama, mtama ukamwagika. Kuku walikuwa wameshafika kabla haujagusa chini.

"Ona sasa," Rajabu akacheka, "umefurahi mpaka umemwaga!"

Salha hakuwa amefurahi. Katika nyumba ile, na katika Ihumwa nzima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba sabuni ya Rajabu haijawahi kuwa sabuni hata siku moja.

Jambo lenyewe lilianza mbali. Mwaka wa themanini na tatu, Rajabu akiwa bado kijana wa reli, alisimama kwenye foleni ya sabuni pale mjini Dodoma tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Alipofika dirishani akaambiwa mche wa mwisho umeondoka sasa hivi, na mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Rajabu hakutukana. Alivua kofia, akaapa mbele ya umati: siku atakayopata kipande cha ardhi, hatapanga foleni tena maishani, na hakuna kitu cha duka kitakachovuka kizingiti chake.

Ardhi aliipata mwaka wa tisini, hapa Ihumwa, karibu na reli. Lakini dunia haikumsubiri. Kufikia mwaka huo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa mpaka yanatapika. Sabuni za rangi tatu, mafuta ya kopo, mitumba imerundikwa barabarani kama nyasi za kuezekea. Foleni zilikufa, kiapo kikabaki hai.

Ndugu zake walimcheka. Babu yao mkubwa aliingia Ugogo na misafara ya pembe, na tangu hapo ukoo mzima umeishi kwa mizani na kipimo cha kitambaa. "Mtoto wa wafanyabiashara anakimbia duka!" alisema kaka yake Abdulnasiri, mwenye duka pale Majengo. "Huyu tulimwokota." Rajabu aliacha kazi ya reli, akahamisha mke na mtoto, akazungushia kiwanja ua wa minyaa, akapanda mizabibu, mtama, karanga na mbarika. Taa yake iliwaka kwa mafuta ya mbarika. Viatu alichonga kwa tairi alizookota barabarani, kitanda alisuka kwa katani aliyoichuna mwenyewe, na asali ikawa sukari. Watu waliokuja kumcheka walirudi kwao na zabibu mkononi, wakitafuna na kunyamaza. Miaka miwili haijaisha, mtoto wao Aiman akiwa bweni Mpwapwa, jina la Rajabu wa Ihumwa lilikuwa linatajwa mpaka Zuzu.

Kitu pekee ambacho hakikuota wala kuzaliwa pale kilikuwa chumvi. Hiyo Rajabu aliifuata mwenyewe kila mwaka kwa treni mpaka Bahi, kwa akina mama wanaochuja udongo wa chumvi, akiwa na jogoo na zabibu kavu. Hakununua, alibadilisha, na tofauti hiyo aliweza kukueleza kwa nusu saa bila kumeza mate. Aliihifadhi chumvi kwenye kibuyu juu ya jiko, akaitoa kwa vidole vitatu, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa kizibo.

Na sabuni? Sabuni ndiyo iliyokuwa taji. Si ndiyo iliyozaa kiapo? Chungu cha kwanza Rajabu alikipika mwezi wa pili tu tangu wahamie. Alichuja maji ya majivu, akatumbukiza yai kupima ukali wake, likaelea, akatia mafuta ya karanga na shahamu ya mbuzi, akakoroga tangu asubuhi mpaka alasiri huku akiimba utenzi wake mwenyewe:

*Kwangu ninacho cha kwangu, sipangi tena foleni,*
*Jasho langu mali yangu, povu litoke nyumbani.*

Kisha akamimina kwenye kisanduku cha mbao, akakiweka stoo, akafunga mlango. Mzee mmoja wa reli alikuwa amemwambia kwamba sabuni haipendi kuchunguliwa. Ilale siku saba, isiguswe.

Salha alichungulia siku ya sita. Alikuta uji. Uji wa kahawia, unateleza kama mlenda, unanuka beberu. Alitia kidole, kikatoka kimevaa kamasi.

Angeweza kusema. Lakini alimfikiria mumewe, ameacha mshahara, amechekwa na ukoo mzima, anaamka kila alfajiri kuhesabu siku kwa vijiwe dirishani. Siku hiyohiyo alikwenda mjini kumwona mama yake, na mayai kapuni. Aliporudi, chini ya unga aliopewa na mama yake kulikuwa na miche miwili ya sabuni ya duka. Alikuwa amezunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya shemeji yake Abdulnasiri. Akaikatakata, akaiyeyusha kwa maji kidogo, akatia majivu laini na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, akamimina kisandukuni. Ule uji akauficha kwenye mtungi, akawa anaoshea masufuria.

Siku ya saba Rajabu alifungua mlango, akagonga sabuni kwa kidole ikalia ko! ko! ko!, akakaa chini akalia kama mtoto.

"Mara moja tu," Salha alijiambia. Mara moja ikawa mbili, mbili ikawa kila mwezi. Uongo ni kama mbuzi jike. Ukimfuga mmoja, usishangae zizi kujaa.

*

Jumatatu Evodia alifika mwenyewe, mwanamke mnene mchangamfu, daftari kwapani.

"Mama Aiman, habari za hapa?"

"Nzuri, dada Evodia. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja na habari njema. Akina mama wamekubaliana: karanga zote za akiba za mwaka huu zikamuliwe mafuta. Kila nyumba inatoa debe zima! Jumamosi wakishaona, Jumatatu wanaanza vyungu kumi kwa mpigo."

"Karanga zote?" Salha aliuliza. "Za mbegu pia?"

"Anastazia amesema hata za mbegu. Unamjua Anastazia, akiamua kitu hana breki."

Evodia alipoondoka, Salha alibaki ameshika nguzo ya mlango. Kumficha mumewe aibu lilikuwa jambo moja. Lakini madebe arobaini ya karanga kumwagwa kwenye vyungu vya uji, na mvua ya msimu ikija watu hawana mbegu ya kutia ardhini, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Mpaka Jumamosi, ama sabuni igande kweli, ama yeye afungue mdomo.

Usiku huo alimwambia Rajabu kwamba anataka kwenda Gulwe kumjulia hali shangazi yake Sikudhani. Rajabu, aliyekuwa anajifunza hotuba mbele ya mbuzi, alimpungia mkono bila kugeuka.

Bi Sikudhani alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, ambaye zamani za vita vya Hitla alipikia sabuni watu wa reli pale Gulwe. Kesho yake Salha alimkuta kibarazani anachambua kunde.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na kuku, basi una shida. Mtu asiye na shida huja mikono mitupu."

Salha akacheka, akakaa mkekani, akaeleza yote bila kuficha. Majivu, yai, shahamu, siku saba, mpaka unga na miche ya duka. Bibi alisikiliza huku taya linacheza. Mwishoni akaacha kunde, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Miaka miwili! Miaka miwili unampikia mwanaume sabuni ya duka kama mtu anayemtafunia mtoto nyama!"

"Shangazi, usinicheke. Niambie kosa liko wapi."

"Mlitia chumvi?"

"Chumvi? Kwenye sabuni?"

"Ala! Maji ya majivu hutoa sabuni ya uji, tangu enzi na enzi. Ukitaka ishikane, ikishaiva unaitilia chumvi ikiwa bado inachemka. Utaona yenyewe inakatika kama maziwa yaliyoharibika, inapanda juu, maji machafu yanabaki chini. Unaiengua, unaibana kisandukuni, kesho yake unaikata kwa kisu. Siku saba za nini? Anatotoa mayai?"

"Chumvi kiasi gani?"

"Kwa chungu kama hicho chenu, vikombe viwili. Vikombe vya chai, vilivyojaa."

Salha alishika kichwa. "Vikombe viwili! Shangazi, yule mtu anatoa chumvi punje kwa punje. Mboga nzima ya siku ni vidole vitatu. Hiyo ni chumvi ya miezi!"

"Basi endeleeni kufulia uji."

"Sasa nimwambieje?"

"Hapo usiniulize," bibi alisema na kurudia kunde zake. "Sabuni naijua. Waume siwajui, nilikuwa nao watatu, na wote waliondoka wakiwa wamenuna."

*

Jumatano, Rajabu akiwa kwenye mizabibu, Salha alitoa mtungi wa uji wake, akachemsha kata moja kwenye sufuria ndogo, akapanda kigoda. Kama mwizi, alichomoa kizibo cha kibuyu, akamimina konzi moja ya chumvi kiganjani. Akaitupia sufuriani.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu uji ukatetemeka, ukakatika, na mabonge meupe yakaanza kupanda juu moja baada ya jingine kama vyura baada ya mvua. Salha aliyaengua, akayabana kwenye kifuniko cha kopo. Jioni yalikuwa yamegangamaa. Alinawa nayo mikono nyuma ya zizi, povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Akabaki anaitazama mikono yake na kucheka peke yake.

Kicheko hakikufika mbali.

"Nani amegusa chumvi?" Sauti ya Rajabu ilitoka jikoni kama ya hakimu.

"Kwani imefanya nini?"

"Imepungua! Kibuyu nakijua uzito kama mtoto wangu."

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema. Mdomo wa Salha ulifunguka, na kilichotoka kikawa: "Nilimpa yule mbuzi mwekundu. Alikuwa anaharisha."

"Mbuzi! Chumvi ya Bahi kwa mbuzi!" Rajabu akakiteremsha kibuyu, akakikumbatia, akakipeleka chumbani chini ya kitanda, upande wake. Salha akabaki na uongo mpya mikononi, wala haujapoa.

Usiku ule alipiga hesabu ya mambo. Angeweza kukiiba kibuyu Jumamosi wakati Rajabu anaokota kuni, akatia chumvi kwa siri. Sabuni ingeganda, heshima ya mumewe ingebaki juu mlingotini. Lakini akina mama je? Wangekwenda kupika walichokiona: majivu, mafuta, siku saba. Uji tupu, vyungu kumi. Siri ingemwokoa Rajabu na kuwazamisha watu arobaini. Aliligeuza jambo hilo kushoto na kulia kama chapati, na kila upande ulikuwa umeungua.

*

Jumamosi walifika wote, na zaidi ya arobaini, maana habari ya burudani haihitaji barua. Wengine walikaa kwenye magunia, wengine wakaegemea ua. Mbele kabisa alikaa Anastazia, mwanamke wa Kigogo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, debe la karanga liko katikati ya miguu yake.

Rajabu alivaa kanzu yake nyeupe, jambo ambalo hakuna mpika sabuni mwenye akili angelifanya, akaanza. Wallahi alipendeza. Alieleza majivu ya migunga kwa nini ni bora kuliko ya mabua. Yai lilielea, watu wakapiga makofi. Alimimina mafuta, akakoroga, akaimba utenzi wake, akina mama wakaitikia, na Evodia akaandika kila kitu daftarini. Jua likapanda, likapinda. Chungu kikaiva kahawia, kizito, kinatokota polepole.

"Sasa," Rajabu akasema, akipangusa jasho, "tunamimina kisandukuni, tunafunga stoo, na hakuna kuchungulia siku saba."

"Siku saba?" Anastazia akadakia. "Kwa hiyo leo tunaona uji tu?"

"Subira ni ufunguo wa heri, mama."

"Subira ninayo, mzee. Ila debe langu halina. Hizi ni karanga za mbegu. Nataka kuona kitu kigumu."

Watu wakacheka. Rajabu akacheka pia, kicheko cha mtu asiye na wasiwasi duniani, na kicheko hicho ndicho kilichomkata Salha maini. Alisogea, akamshika mumewe kiwiko cha mkono.

"Baba Aiman, njoo mara moja nyuma ya zizi."

"Sasa? Chungu kiko motoni!"

"Sasa hivi. Tafadhali."

Nyuma ya zizi mbuzi watatu waliwatazama. Salha hakutafuta njia ya kuzunguka. Alijua akizunguka hatafika.

"Sabuni yako haigandi. Haijaganda hata mara moja. Unayofungua siku ya saba ni ya duka. Naiyeyusha, natia majivu na mwarobaini. Tangu chungu cha kwanza."

Rajabu alitabasamu, akisubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Ya duka," akasema.

"Ya duka."

"Mimi... miaka miwili najisugua na sabuni ya duka?"

"Ndiyo. Na kila siku ulisema inatakatisha kuliko ya duka."

Shingo ilimvimba Rajabu. "Umenivua nguo! Ndugu zangu hawakunivua, reli haikunivua, wewe mke wangu umenivua, na ukaacha nitembee hivyo mpaka Zuzu!"

"Nilikufunika. Nilikosea namna, lakini nilikuwa nakufunika. Ulilia siku ile kwa furaha, ningefanyaje?"

"Ungesema!"

"Ungesikia?"

Rajabu akageuka. Alikwenda hatua tatu, akarudi. "Nawatawanya. Nawaambia naumwa tumbo."

"Wakishatawanyika watakwenda kupika, wameshaona. Karanga za mbegu, Baba Aiman. Dawa ipo, nimeifuata Gulwe, nimeijaribu hapa nyumbani Jumatano, imeganda. Inataka chumvi tu. Vikombe viwili."

Na hapa ndipo Rajabu aliposhtuka kweli. Habari ya miaka miwili ilimkasirisha, hii ilimrusha.

"Vikombe viwili vya chumvi? Kwenye sabuni? Kwa hiyo yule mbuzi..."

"Mbuzi ni mzima. Hajawahi kuharisha."

Uani Anastazia alikuwa anapaza sauti: "Mzee Rajabu! Chungu kinapanda! Au tukimalizie wenyewe?"

Rajabu alisimama hivyo, kanzu nyeupe imeshatapakaa madoa, akiitazama reli kwa mbali kana kwamba treni ingekuja kumchukua. Maneno yote aliyokuwa nayo Salha alikuwa ameshayatoa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kifua chake kilikuwa chepesi, hata kama hakujua kama jioni ile angelala mle ndani au kwa mama yake.

Rajabu aliingia nyumbani bila kumtazama. Akakaa. Akakaa mpaka Evodia akaanza kuangalia saa. Alipotoka, alikuwa na kibuyu kifuani.

"Akina mama," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya hotuba, "kipande nilichompa dada Evodia kilikuwa cha duka."

Akina mama wakatazamana. Hata kuku waliacha kuparura.

"Sikujua. Nimejua sasa hivi, nyuma ya zizi, mbuzi ni mashahidi. Sabuni yangu mimi haijawahi kuganda. Mke wangu alikuwa ananistiri. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu tuendelee. Moto unakula kuni."

Aliyeanza kucheka alikuwa Anastazia, na alicheka mpaka akaliangukia debe lake. Uani kote wakamfuata. Rajabu alisimama katikati ya kicheko kile kama mti katikati ya mvua ya mawe, hakupinda. Kicheko kilipochoka, akasema:

"Mmemaliza? Haya. Fundi ni huyu hapa. Mama Aiman, waonyeshe."

Salha akasogea chunguni. "Dada Evodia, ule mstari wa siku saba ufute. Andika chumvi. Vikombe viwili, sabuni ikiwa bado inachemka."

Alinyoosha mkono apokee kibuyu. Rajabu hakukitoa.

"Nitamimina mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nikikupa wewe nitalia."

Akajaza kikombe cha kwanza, akafumba macho, akatia. Cha pili. Kibuyu kikainama zaidi, na karibu kikombe cha tatu kikamwagikia humohumo chunguni. Akina mama waliinuka, wakazunguka chungu, shingo ndefu. Uji ukatulia. Ukatetemeka. Halafu ukakatika, na mabonge yakaanza kupanda, meupe, manene, yanasukumana.

"Yesu na Maria!" Evodia akasema, kalamu ikamponyoka.

Anastazia aliengua bonge moja kwa mwiko, akalipuliza, akalibana kiganjani mpaka likashikana, akachovya mikono ndoo ya maji akasugua. Povu likatoka. Akawainulia wenzake mikono yote miwili, kisha akalibeba debe lake akalirudisha kichwani.

"Jumatatu," akasema. "Lakini za mbegu nazirudisha nyumbani. Tutaanza na chungu kimoja. Mzee Rajabu, usinune. Mwanaume anayekiri mbele ya wanawake arobaini, hata sabuni ikimshinda, kuoga ameoga."

*

Walipoondoka, Rajabu alifagia uani mwenyewe, akawafungia mbuzi, akaswali. Jua lilikuwa linazama Salha alipoweka chakula. Ugali wa mtama, na mlenda usio na chumvi hata punje, maana kibuyu kilikuwa kimebaki na vumbi.

Rajabu alimega, akachovya, akameza. Akamega tena. Alikula mpaka sahani ikang'aa.

"Ilitakiwa vikombe viwili," hatimaye akasema.

"Viwili."

"Tulitia vitatu."

"Ulitia wewe."

Bega la Rajabu lilitikisika, na Salha hakujua ni kilio au nini, mpaka kicheko kilipomtoka puani. Walicheka wote wawili, wakajaribu kuacha, wakashindwa. Mwisho Rajabu alipangusa macho kwa kiganja, akawa makini tena.

"Mama Aiman. Tusemane sasa, yaishe. Kuna kingine?"

"Kingine kipi?"

"Cha duka. Humu ndani."

Salha alitazama sahani. Giza lilikuwa linaingia, na jikoni makaa yalikuwa yameshafifia kabisa.

"Kiberiti," akasema. "Kiko kwenye pipa la uwele. Moto ukizimika asubuhi sipulizi. Nawasha."

"Kimoja tu?"

"Viwili."

Rajabu alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Alitazama ile taa ya mbarika pale ukutani, ambayo kila jioni kwa miaka miwili alikuwa anaiwasha kwa kijinga cha moto, amepiga magoti, anapuliza mpaka machozi yanamtoka.

"Kalete," akasema. "Nimechoka kupuliza."